Mkuu wa Chuo na Kapu la Harambee: Nani Asimame Kuomba?



Kila mwaka, mahindi yanapoanza kukauka mashambani, ofisi za sharika hapa Ufipa huanza kupokea barua. Chuo fulani kinajenga bweni. Kingine kinataka vyerehani kwa ajili ya darasa la ushonaji. Cha tatu kina wanafunzi ambao hawajamaliza ada na mtihani umekaribia. Barua hizo zinafanana: mhuri, kumbukumbu namba, ombi la mchango wa hali na mali. Tofauti iko chini kabisa, kwenye sahihi. Moja imesainiwa na mkuu wa chuo mwenyewe. Nyingine imesainiwa na mhasibu, au na mtu aliyeandika "kwa niaba ya". Nyingine haina jina kabisa, ina mhuri tu.

Somo la toleo hili linahusu sahihi hiyo. Naandika kutoka Malangali, katika Manispaa ya Sumbawanga (msituchanganye na Malangali ya Mufindi yenye shule kongwe iliyoanzishwa 1928). Swali ni hili: chuo kinapohitaji fedha, nani hasa asimame mbele ya watu kuomba? Wapo wanaosema ni askofu. Wapo wanaosema aitwe mgeni rasmi mwenye jina kubwa. Wengine husema, "Si tuna mratibu wa miradi? Ndiyo kazi yake." Jibu langu ni kwamba aombe yule anayeweza kuulizwa kesho yake, naye ni mkuu wa chuo.

Jambo hili si la mzaha. Mwaka 2020 Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) ilifuta usajili wa vyuo kadhaa, na baadhi vilikuwa vimeanzishwa na makanisa. Sababu za chuo kufungwa huwa nyingi, lakini chuo cha kanisa kinapofungwa, zipo sharika zilizotoa mahindi na kuku kwa ajili yake, na hubaki zikijiuliza vilikwenda wapi. Usharika ulioumia hivyo mara moja hautoi tena kwa urahisi, hata kwa chuo kingine kisicho na kosa lolote.

Jina moja, kazi mbili

Kwanza tuliweke sawa neno lenyewe. Katika vyuo vikuu vya Tanzania, Mkuu wa Chuo ni cheo cha heshima. Huvaa joho siku ya mahafali na kutunuku shahada, na mara nyingi ni askofu au kiongozi mstaafu. Anayeshika usukani kila siku ni Makamu Mkuu wa Chuo. Lakini katika vyuo vya ufundi, ualimu na uuguzi, mkuu wa chuo ndiye mtendaji hasa: anapanga walimu, anasaini hundi, anajua ni vitanda vingapi vimevunjika bwenini. Wamarekani humwita mtendaji wa namna hiyo rais wa chuo, na kwao hakuna anayeshangaa kusikia kwamba sehemu kubwa ya muda wake inakwenda katika kutafuta fedha.

Wahisani wetu wa nje walifahamu hili, kwa sababu barua yenye maneno "kwa Mkuu wa Chuo" inaweza kumfikia mzee mwenye heshima zote ambaye hajui hata jina la benki ya chuo. Katika somo hili nikisema mkuu wa chuo, namaanisha yule mwenye ofisi na funguo.

Mimi kazi yangu ni kuandika maandiko ya miradi. Bajeti ya jengo naijua hadi misumari. Lakini mzee wa kanisa akiniuliza kama ada itapanda mwakani, au kwa nini mwalimu wa useremala aliondoka, sina mamlaka ya kumjibu. Askofu anaweza kufungua mlango wowote, na afungue, lakini yeye hatunzi kitabu cha fedha cha chuo. Mgeni rasmi hutoa leo mbele ya kamera na kesho ana safari. Mtoaji akishatoa ana haki ya kuuliza, na swali lake likimkuta mtu asiye na jibu, basi aliyemwomba alikuwa mtu asiyehusika.

Mayai sita na dola laki sita

Mfano ulio wazi kuliko yote niujuao uko mbali na sisi, Tuskegee, katika jimbo la Alabama, Marekani. Chuo hicho cha Waamerika weusi kilianza Julai 1881 kikiwa na wanafunzi 30 katika kibanda kibovu karibu na kanisa. Mkuu wake, Booker T. Washington, alikuwa amezaliwa mtumwa na alikuwa bado kijana wa miaka ya ishirini. Serikali ya jimbo ilitoa fedha kidogo za mishahara, lakini haikutoa ardhi wala majengo. Washington akapata shamba lililoachwa, ekari 100 kwa dola 500, akakopa nusu ya fedha hizo kutoka kwa mweka hazina wa chuo alichosoma yeye.

Deni hilo lililipwaje? Hapa ndipo kamati zetu zisome taratibu. Mwalimu msaidizi wake, Olivia Davidson, alipita nyumba kwa nyumba mjini Tuskegee, kwa weusi na kwa weupe, akiomba keki, kuku, mkate, chochote kinachoweza kuuzwa kwenye tamasha. Ni mnada wetu wa mavuno kabisa. Washington anasimulia katika kitabu cha maisha yake jinsi mama mmoja mzee sana, aliyekuwa ametoka utumwani, alivyomletea mayai sita kwa ajili ya elimu ya vijana. Fedha za wakubwa zilikuja baadaye. Mwaka 1900 Washington alimwandikia tajiri Andrew Carnegie kuomba jengo la maktaba, na barua yenyewe ni somo kwa waandishi wa maandiko ya miradi: ilitaja wanafunzi ni wangapi, ilieleza udogo wa chumba cha kusomea, ilionyesha kwamba wanafunzi wenyewe wangefyatua matofali na kujenga, ikataja gharama, dola 20,000. Carnegie alilipa. Mwaka 1903 akatoa dola 600,000 za mfuko wa kudumu wa chuo.

Kutoka mayai sita hadi dola laki sita ni miaka zaidi ya 20, na mtu aliyeomba ni yule yule. Tajiri mwingine, Collis Huntington, mara ya kwanza alimpa dola 2 tu. Washington hakununa. Aliendelea kumletea habari za chuo miaka yote, na mara ya mwisho Huntington alimpa dola 50,000. Mkuu wa chuo anayebadilishwa kila baada ya miaka miwili hawezi kupata mavuno ya namna hii, na mabaraza yanayoteua wakuu wa vyuo vyetu yalifikirie hilo.

Lakini gharama yake nayo tuiseme. Washington aliandika kwamba kazi ya kuomba ilimweka nje ya chuo karibu nusu ya muda wake. Chuo hakikulala kwa sababu aliacha watu wenye madaraka kamili, na popote alipokuwa aliletewa taarifa ya kila siku: nani mgonjwa, maziwa kiasi gani, chakula cha wanafunzi kilikuwa nini. Gharama ya pili ni nzito zaidi. Msomi W. E. B. Du Bois alimlaumu hadharani mwaka 1903 kwamba alinyamazia mno haki za kiraia za watu weusi, na ni vigumu kutoona kwamba matajiri waliokuwa wakitoa fedha walipenda ukimya ule. Mkuu wa chuo anayeomba kila siku anaweza kuanza kusema yale tu ambayo watoaji wanapenda kusikia. Dawa mojawapo ni kuwa na watoaji wengi wadogo, ili asiwepo hata mmoja ambaye akikasirika chuo kinafungwa.

Fedha ikitangulia, mkuu akifuata

Kwetu Tanzania tunao mfano wa njia nyingine. Chuo cha Kivukoni kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1961, miezi michache kabla ya Uhuru, kwa michango iliyokusanywa kupitia Mfuko wa Elimu wa Tanganyika ulioasisiwa na TANU. Mtendaji mkubwa wa uchangishaji alikuwa Joan Wicken, Mwingereza aliyekuwa amesoma Chuo cha Ruskin kule Oxford, ambacho ndicho kilikuwa kielelezo cha Kivukoni. Baadaye akawa msaidizi wa Mwalimu Nyerere kwa miaka mingi. Watu walitoa kwa sababu walimwamini Mwalimu na walitaka nchi yao. Wakati huo mkuu wa chuo hakuwa bado mtu wa kumwomba mtu kitu.

Fedha ilikuja haraka, na chuo kikasimama. Lakini chuo kilichoombewa na chama kikawa cha chama, kwa miaka mingi kikifundisha itikadi ya chama. Leo ndicho Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, tangu 2005. Sisemi lilikuwa kosa. Lilikuwa jambo la wakati wake. Nasema tu kwamba anayeomba huacha alama yake juu ya kile kilichoombewa.

Wakenya waliliona hilo kwa ukubwa zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kila eneo lilitaka chuo chake cha ufundi cha harambee: Kimathi kule Nyeri, WECO Kakamega, vingine Murang'a, Kiambu na Ukambani. Waliosimama kwenye majukwaa walikuwa mawaziri na wabunge. Baadhi ya vyuo hivyo vilikua. Kimathi na WECO leo ni mizizi ya vyuo vikuu kamili. Lakini harambee yenyewe iligeuka uwanja wa wanasiasa kushindana kutoa, hata mwaka 2003 Kenya ikatunga sheria ya maadili inayowabana watumishi wa umma wasitumie vyeo vyao kuchangisha. Kamati yoyote inayopanga mgeni rasmi katika mwaka wa uchaguzi isome habari hizo kwanza.

Jumapili moja kwa mwaka

Mfano ulio karibu zaidi na hali yetu uko Mukono, Uganda. Chuo cha theolojia cha Bishop Tucker kilikuwapo pale tangu 1913. Mwaka 1997 Kanisa la Uganda, yaani Waanglikana, lilikigeuza kuwa Chuo Kikuu cha Kikristo cha Uganda (UCU). Kuanzia 2000 hadi 2010 Makamu Mkuu wa Chuo alikuwa Stephen Noll, kasisi Mmarekani aliyekuwa akifundisha theolojia huko Pennsylvania. Mwaka 2004 UCU kikawa chuo kikuu binafsi cha kwanza Uganda kupewa hati ya serikali.

Kwa kuwa Noll alitoka Marekani, ingekuwa rahisi kuwategemea marafiki zake wa kule na kuziacha parokia za Uganda zipumzike. Marafiki hao walikuwapo, na waliundiwa chombo chao rasmi kule Marekani, Uganda Partners, chenye bodi yake na hesabu zake. Lakini Kanisa la Uganda nalo lina siku inayoitwa Jumapili ya UCU, mwishoni mwa Septemba, ambapo parokia hutoa sadaka kwa ajili ya chuo na wawakilishi wa chuo huenda kuhubiri na kueleza habari zake. Noll alipoondoka 2010 alifuatwa na John Senyonyi, Mganda, na mwaka 2020 akaingia Aaron Mushengyezi. Jumapili ile haikuondoka na mtu, wala marafiki wa Marekani hawakuondoka.

Hili ndilo ninalotaka tulichukue kutoka Mukono. Mkuu wa chuo aombe yeye mwenyewe, lakini akiondoka aache siku kwenye kalenda, daftari la majina na chombo chenye hesabu. Uhusiano unaoishi kwenye simu ya mtu mmoja hufa simu ikipotea. Walutheri wenzetu wa Iringa wanalijua hili kwa njia yao: ushirika wao wa Bega kwa Bega na Sinodi ya Saint Paul, Minnesota, tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, umesimama juu ya usharika kujuana na usharika.

Hapa kwetu Ufipa

Sisi Walutheri wa Ufipa ni wachache. Wamisionari Wakatoliki walifika Karema, pwani ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1885, na mkoa huu bado una alama yao kila upande. Kwa hiyo mkuu wa chuo anayekuja Sumbawanga akitegemea Walutheri pekee atarudi na kapu jepesi. Akiongea na wazazi wa wanafunzi, wa dhehebu lolote, atasikilizwa, kwa sababu wengi wao wanajua shida ya ada.

Na shida hiyo haiko sawa kwa wote. Tangu Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilipoanza kazi mwaka 2005, mwanafunzi wa chuo kikuu, hata cha kanisa, anaweza kuomba mkopo. Tangu mwaka wa masomo 2023/24 mikopo imefika pia kwa wanafunzi wa stashahada katika fani zilizoteuliwa. Binti anayesomea ushonaji au kijana wa uashi kwenye chuo kidogo cha ufundi stadi hayumo humo. Ada yake inatoka kwenye gunia la mahindi la mzazi wake. Wahisani wetu, mkipenda majengo ya vyuo vikuu kwa sababu yanaonekana vizuri kwenye picha, mkumbukeni na huyo.

Juu ya majira: Januari na Februari ni miezi mibaya ya kuomba katika uwanda wetu. Watu wamenunua mbolea, wamelipia sare na madaftari, ghala linapungua. Wakati wa mavuno mtu ana mahindi lakini hana fedha, na bei iko chini. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA) na wanunuzi wengine wakishanunua na kulipa, hapo ndipo ahadi ya fedha inaweza kutimizwa. Kwa hiyo mkuu wa chuo mwenye akili huja mara mbili: wakati wa mavuno apokee magunia, debe za maharage na alizeti, kisha arudi baadaye kwa bahasha. Akija Februari na kadi za mchango zenye kiwango kilichoandikwa tayari, ameonyesha kwamba hatufahamu.

Akifika, msimpe kipaza sauti tu na pilau. Mpeni nafasi na baraza la wazee, nusu saa kabla ya ibada au baada yake, na mumwulize mambo matatu yasiyo ya uchokozi. Je, yeye na walimu wake wametoa kiasi gani wao wenyewe? Mfalme Daudi alipotaka kuwachangisha watu kwa ajili ya hekalu, alianza kwa kutaja alichotoa yeye, kama tunavyosoma katika 1 Mambo ya Nyakati 29. Pili, mchango wa mwaka uliopita ulifanya nini, na risiti ziko wapi? Tatu, fedha isipotosha, kitajengwa nini kwanza na kipi kitasubiri? Mkuu wa chuo aliyejiandaa hufurahi kuulizwa haya. Mwingine hutazama saa.

Kuhusu kubeba fedha, Mtume Paulo alishatupa utaratibu. Katika 2 Wakorintho 8 mchango wa Yerusalemu haukuachwa mikononi mwa mtu mmoja. Tito alisindikizwa na ndugu aliyechaguliwa na makanisa, ili lisizuke neno. Kwetu hapa maana yake ni rahisi: fedha zihesabiwe na watu wa usharika mbele ya mgeni, ziandikwe, zipelekwe benki kwenye akaunti ya chuo, na karatasi ya benki irudi usharikani. Siku hizi mtu anaweza kutuma kwa simu, ni vizuri, lakini namba iwe imesajiliwa kwa jina la chuo. Mkuu wa chuo akitoa namba yake binafsi, hata kama ni mwaminifu kama malaika, mkataeni kwa upole.

Wahisani wa mbali nao wana sehemu yao. Mkipata andiko la mradi kutoka kwangu au kwa mratibu mwingine yeyote, ombeni pia kuzungumza na mkuu wa chuo mwenyewe, kwa simu au kwa barua. Mwulizeni sharika zinazokizunguka chuo zimetoa nini. Jibu likiwa "bado", msikimbie, lakini msitangulie. Anzeni kwa kiasi kinacholingana na walichotoa wa hapa, hata kama kwenu kinaonekana kidogo, na mwaka unaofuata mwongeze pamoja nao. Na pale mkuu wa chuo anapobadilishwa, mwandikieni mpya ndani ya miezi mitatu ya kwanza. Wengi wao hawakabidhiwi orodha ya wahisani, hukabidhiwa funguo na madeni.

Maswali ya kujadili katika kamati

Barua ya mwisho ya mchango mliyopokea kutoka chuoni ilisainiwa na nani, na je, mlimjibu yeye au mlijibu mhuri?

Vijana wangapi kutoka mtaa wenu wako vyuoni mwaka huu, wa mkopo wangapi na wa gunia wangapi? Kama hamna orodha, nani ataiandika kabla ya kikao kijacho?

Kama dayosisi ingetenga Jumapili moja ya vyuo kila mwaka, mngeiweka mwezi gani, na mngependa sadaka ya siku hiyo ipelekwe kwenye ada, vifaa au majengo? Majibu ya swali hili yaandikwe na kuletwa ofisi ya miradi kupitia kwa wachungaji wenu, kwa kuwa tutayapeleka kwa wakuu wa vyuo tutakapokutana nao.